Barua kwa mwanangu: tazama makato kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baba yako macho yanamsumbua, ila ukimuuliza atakwambia macho ni mazima, taa ndiyo mbovu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Unauliza kama ni ujinga kuacha ukaguzi wa hesabu, kazi yenye cheo na mshahara wake, ukafundishe watoto wadogo kuchora kwa malipo ya nusu ya hayo unayopata. Unasema kazi ya sasa haina ubaya, ila jioni unarudi umechoka na hukumbuki umefanya nini. Nimekuelewa. Lakini mimi nina swali jingine, na ndilo nitakalolijibu kwa sababu ndilo ninalolijua: mkeo umemwambia? Simaanishi kumdokezea mkiwa njiani. Namaanisha kukaa naye, hati yako ya mshahara iko mezani na kalamu mkononi.

Maana nakujua, umerithi. Kisa cha baba yako kuacha bima akawa fundi saa mmekisikia tangu wadogo, lakini mmekisikia kwa mdomo wake, na kwake kinaanzia siku alipofungua ile meza yake. Kwangu kinaanzia kwenye jalada.

Tulikuwa jengo moja, yeye madai, mimi mishahara. Afisa utumishi akaniletea jalada la mtumishi anayeacha kazi, nimkokotolee malipo ya mwisho. Mazoea yangu yalikuwa kuanza na hesabu, jina nalitazama baadaye, kwa kuwa ukianza na jina unaanza kuhurumia. Nikaandika siku za likizo ambazo hakuzichukua. Nikaandika sehemu ya mwezi aliyoifanyia kazi. Nikafika kwenye mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mtu akiondoka salio lote linakatwa kwa mkupuo, na pasipotosha anafuatwa mdhamini. Nikafungua fomu ya udhamini nimjue huyo maskini wa kufuatwa. Saini ilikuwa yangu.

Asubuhi ile tulikuwa tumetoka nyumbani pamoja, kanishikia mwavuli hadi mlangoni.

Nikamaliza hesabu. Nikaihakiki tena, maana tarakimu ikikosewa kwenye jalada la mume wako watu hawaiiti bahati mbaya. Alipokuja kuchukua nikamwita Bwana na jina la ukoo, kama nilivyowaita wote, nikamwonyesha pa kusaini. Akasaini. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilitaka nikwambie leo jioni." Nikamjibu, "Na hapa chini pia, nakala ya jalada."

Mpaka leo akisimulia sehemu hiyo anairuka. Mimi siiruki.

Basi usije ukadhani nakwambia alikosea kuondoka. Hapo ndipo ninapojichanganya mwenyewe. Alipokuwa bima alikuwa akifika nyumbani anakaa kitini na viatu vyake miguuni mpaka chakula kiive, hasemi. Alipoanza saa, ungemwona na lenzi jichoni, kibano mkononi, anaunyoosha ule uzi wa chuma uliojikunja ndani, mwembamba kuliko unywele, amezuia pumzi na sisi sote tumekatazwa kupita karibu. Ukipona anaiweka saa sikioni, halafu anakuita mtu yeyote aliye karibu aje asikilize. Alikuita wewe, ukiwa hujui hata kusoma saa. Huyo mtu nilikuwa sijamwona tangu tuoane. Nilimfurahia, siwezi kusema uongo. Nilimfurahia na nilimkasirikia katika chumba kimoja, saa moja.

Ila furaha ile ililipiwa, na mlipaji alikuwa mimi. Zile jioni mlizokuwa mnalishwa na dada yenu mkubwa nilikuwa nafanya kazi za ziada. Na ile shule mliyohamishwa mkaambiwa ni mbali: haikuwa mbali.

Ndiyo maana nawaimbia tangu zamani, tazama makato, si mshahara. Mshahara ukishuka nusu, makato mengine hayashuki nusu. Marejesho ya mkopo wa nyumba yalipangwa kwa mshahara wako wa leo, na benki haitauliza kama sasa una raha. Bima ya afya ya mkeo na watoto, kama inapitia kwa mwajiri, uliza inakoma lini, siku ya mwisho kazini au mwisho wa mwezi. Lakini nikutendee haki: kodi ya mapato, pale inapopanda kwa madaraja, nayo hushuka zaidi ya nusu, kwa hiyo kinachobaki mkononi hakipungui kwa kiasi unachokiogopa. Watu wengi huliona hilo baada ya kuondoka. Wengine hawaondoki kamwe kwa sababu hawakulipiga hesabu. Unaona? Nimeanza kukuzuia, najikuta nakusukuma.

Akiba ya uzeeni usiiguse. Hilo halina mjadala. Gawa 72 kwa riba, utapata miaka ambayo pesa inachukua kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 6 ni kama miaka 12. Wewe una miaka 31. Ukifika 55, kila elfu utakayokuwa umeiacha huko itakuwa kama elfu nne. Ukiitoa leo ununulie makabati ya darasa, umenunua makabati ya bei mbaya sana.

Ile makala uliyonitumia nimeisoma. Ni kweli, watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton mwaka 2010 waliona kwamba kwa Wamarekani furaha ya siku hadi siku ilikuwa haiongezeki tena kipato cha kaya kikivuka kama dola 75,000 kwa mwaka. Lakini mwanangu, wewe ni mkaguzi, soma mpaka mwisho. Mle mle wanasema kipato kidogo kinayafanya maradhi, talaka na upweke viume zaidi, na kwamba watu waliendelea kuyapa maisha yao alama za juu kadiri kipato kilivyopanda. Halafu mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, mwaka 2021 akaona furaha yenyewe inaendelea kupanda. Mwaka 2023 yeye na Kahneman wakakaa pamoja na Barbara Mellers kuupima ubishi wao, ikaonekana kwa wengi inapanda, na inayosimama ni ya wale wasio na furaha kuliko wote. Mdogo wako ndiye aliyenitafutia. Kwa hiyo usinitumie wataalamu ukidhani nitanyamaza.

Tena nina wangu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichukua watoto wa shule ya awali wanaopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti kizuri wakichora. Baadaye, wakati wa kucheza bila kuamrishwa, walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko wenzao. Nilipoisoma nikakufikiria wewe kabla ya hao watoto. Sasa hivi unachora nao Jumamosi, bure, unarudi unang'aa. Ikiwa kazi kutakuwa na mahudhurio, ripoti za mzazi mmoja mmoja, mtoto anayeuma wenzake, na mwalimu mkuu anayetaka mpango wa somo kabla ya Ijumaa. Kuchora kutakuwa sehemu ndogo ya siku. Umewahi kukaa pale Jumatatu? Omba likizo ukakae Jumatatu mpaka Ijumaa, uone kama unachokipenda ni kazi au ni kutokuwa ofisini.

Lakini baba yako naye alilipwa kwa zile saa miaka yote, na hakuacha kuzipenda. Labda kwa sababu alilipwa kidogo. Nimecheka mwenyewe nilipoandika hivyo, akaniuliza nacheka nini, nikamwambia nakuandikia wewe. Anasema nikwambie, "Nenda." Neno hilo moja, halafu karudi kwenye saa yake. Nimeliandika kwa sababu kaniagiza, si kwa sababu nimelikubali. Yeye ndiye aliyesema "nenda" kwa nafsi yake bila kuuliza mtu, na ilimkalia vizuri kwa kuwa kulikuwa na mtu nyuma anapiga hesabu.

Unataka nikuambie uache au ubaki. Ninalo la kusema, liko mdomoni, nalizuia kwa taabu. Nikisema ubaki utabaki kwa ajili yangu na utakaa kitini na viatu. Nikisema uache, mwezi ukiwa mgumu mkeo atasema mama mkwe ndiye aliyetuharibia. Sitaki kuwa mdhamini tena wa fomu ambayo sikuisoma.

Nitumie nakala ya hati ya mshahara, kurasa zote, pamoja na kile wanachokuahidi kule shuleni kwa maandishi, si kwa maneno ya mkuu. Niandikie na kama pensheni yako inahesabiwa kwa michango au kwa mshahara wa mwisho; usiponijibu hilo nitapiga simu.

Halafu soma mkataba wako uangalie bonasi ya mwaka inalipwa lini. Sehemu nyingi, aliyekwisha kutoa notisi kabla ya tarehe hiyo haipati. Kwa hiyo hata kama barua umeshaiandika, na nahisi umeshaiandika, usiipeleke kabla bonasi haijaingia benki.

Mama yako