Nimetenguliwa mara mbili katika makala ya Mau Mau. Je, nirudishe?

SWALI: Ninahariri makala ya Vita vya Mau Mau katika Wikipedia ya Kiingereza. Nilifuta idadi rasmi ya waliouawa, 11,503, nikaweka 300,000, kwa kuwa marehemu babu yangu alizuiliwa katika kambi ya Manyani na alitusimulia mengi. Mhariri mmoja ametengua kazi yangu mara mbili. Je, niendelee kuirudisha? Msomaji, Kasarani, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, usirudishe tena. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 huzuiwa kuhariri, na hata kabla ya kufikia hapo wakabidhi, yaani wahariri wenye mamlaka ya kuwazuia wengine, wanaweza kumchukulia hatua wakiona anavutana bila kujadiliana.

Lililo zito zaidi ni takwimu zenyewe. Umeondoa moja ukaweka nyingine kana kwamba zinahesabu kitu kimoja, nazo hazihesabu kitu kimoja. Ile 11,503 ni hesabu ya serikali ya kikoloni ya waasi waliouawa. Haiwagusi waliokufa kwa njaa na maradhi kambini na vijijini. Mwanahistoria David Anderson anakadiria kwamba waasi waliouawa walizidi 20,000. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha 2005, alilinganisha sensa za 1948 na 1962 akasema kwamba Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawakuonekana katika hesabu. Soma maneno hayo kwa makini: kutoonekana katika hesabu si sawa na kuuawa, na 300,000 ni upeo wa juu wa kadirio la mtu mmoja. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizipitia sensa hizo akapata vifo vya ziada, yaani vinavyozidi vile ambavyo vingetarajiwa kwa kawaida, takriban 50,000, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka kumi. Kadirio hilo nalo, kwa maoni yangu, linatosha kumnyima mtu usingizi.

Kwa hiyo usichague mshindi. Andika sentensi yenye sura hii: “Serikali ya kikoloni ilitaja waasi 11,503 waliouawa, Anderson anakadiria zaidi ya 20,000, Blacker, akiwahesabu pia raia na watoto, anakadiria vifo 50,000, Elkins anataja watu wasiopungua 130,000 ambao hawakuonekana katika sensa.” Kila kadirio lipewe tanbihi yake, pamoja na namba ya ukurasa. Sentensi ya namna hiyo ni vigumu kuitengua, kwa sababu haidai lolote zaidi ya kile ambacho kila mtafiti alikisema.

Kuhusu babu yako, kanuni ya Wikipedia inakataza utafiti ambao haujachapishwa. Ninafahamu jinsi inavyouma kuona karatasi ya mkoloni ikikubaliwa huku neno la mzee likikataliwa, hasa tukikumbuka kwamba Uingereza ilificha mafaili ya makoloni yake huko Hanslope Park, kituo cha serikali yake, hadi ilipokiri mwaka 2011. Lakini ushuhuda wa wazee una njia ya kuingia. Wazee waliokwenda mahakamani London walisikilizwa, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, simulizi zao sasa zimo katika vitabu na magazeti unayoweza kuyanukuu. Ikiwa familia ina kanda au maandishi ya babu, tafuteni mtafiti au mchapishaji atakayeyahakiki na kuyachapisha. Faili ghafi la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue lisomwe kwa uangalifu: litakuonyesha afisa aliandika nini, ila kulifasiri ni kazi ya mwanahistoria aliyechapisha.

Hatua ya sasa ni kufungua ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, kubandika sentensi uliyoiandaa pamoja na vyanzo vyake, na kumwomba aliyekutengua aeleze ni chanzo kipi anachokipinga na kwa nini. Mpe siku kadhaa. Mkishindwa kuelewana wawili, omba maoni ya mhariri wa tatu ambaye hakuhusika, kisha ya jamii nzima ya wahariri.