Kwa kapelani, mhudumu wa dini jeshini, anayeripoti kikosini kwa mara ya kwanza

Utapokewa vizuri. Utapewa sare, pengine na nyota za begani, na chumba chenye meza na viti viwili. Wiki ya kwanza utakaa kwenye meza hiyo ukisubiri watu waje, na hawatakuja. Usidhani hawana shida. Hawakujui, na askari hampi mambo yake ya ndani mtu asiyemjua, hata kama mtu huyo amevaa msalaba au hilali kwenye kola. Toka nje. Nenda karakana wanakotengeneza magari, nenda jikoni kabla ya alfajiri, nenda lindoni wakati wa baridi. Katika miaka yangu ya ukapelani, mazungumzo ya maana karibu yote yalianza mtu akiwa na kazi nyingine mikononi.

Namkumbuka kijana mmoja niliyemkuta saa tisa usiku, ameketi nje ya hanga anapiga buti rangi. Buti la kulia lilikuwa linang'aa tayari, la kushoto lina tope vilevile. Nikaketi kando yake. Akaendelea na lilelile la kulia, kitambaa kinazunguka palepale kwenye ncha, duara dogo, tena na tena. Nilikuwa na aya kadhaa kichwani, na ulimi uliniwasha. Nikanyamaza. Ilipita kama robo saa ndipo akasema, bila kuniangalia, kwamba wenzake wanamsifu kwa jambo alilofanya kwenye doria, na kila wakimsifu anasikia kichefuchefu. Tulikaa pale mpaka kukakaribia kucha. Nilimuuliza maswali mawili tu. Buti la kushoto hakuligusa.

Hali ile ina jina siku hizi, jeraha la dhamiri, nawe utakutana nayo mara nyingi kuliko unavyotarajia. Haifanani na hofu. Mwenye hofu anaogopa kufa; huyu anajiuliza amegeuka mtu wa namna gani. Kosa la kwanza la makapelani wapya ni kumwambia haraka, "Huna hatia, ulitimiza wajibu wako." Hayo ameshaambiwa na kila mtu, na ndiyo maana hajawaeleza. Mwache aseme lote. Kama imani yake ina njia ya toba, itafika wakati wake, na yeye mwenyewe ataiomba.

Kwa nini alinieleza mimi, asimweleze sajini wake anayempenda kama baba? Kwa sababu sajini ndiye anayeandika ripoti yake na kumpangia doria ya kesho. Mimi sikuwa na uwezo wa kumpandisha cheo wala kumshusha. Ndugu yangu, shika hili kwa mikono miwili: nguvu yako jeshini imo katika vitu ambavyo huna. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza kapelani hana cheo kabisa, na kwa mapokeo yao huchukuliwa kuwa na cheo cha yule anayezungumza naye, awe admirali au kuruta aliyeingia jana. Majeshi mengine hutupa vyeo vya uofisa, na cheo kina faida yake, kwani kinafungua mlango wa kamanda. Lakini ukiona umeanza kupenda kupigiwa saluti, jichunguze. Kila saluti unayoidai inamsogeza askari hatua moja mbali nawe.

Kitu kingine ambacho hutakuwa nacho katika majeshi mengi ni bunduki. Katika majeshi ya Marekani na Uingereza kapelani haendi vitani na silaha. Jeshi la nchi kavu la Marekani humpa msaidizi mwenye silaha wa kumlinda. Usilione hilo kama upungufu. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 inawaweka makapelani pamoja na wahudumu wa tiba: waheshimiwe na walindwe katika hali zote. Ulinzi huo unatokana na kutoshiriki kwako mapigano. Atakuja mwenzako siku moja, kwa nia njema kabisa, akusihi ushike bunduki dakika mbili tu kambi ikishambuliwa. Jibu lako liwe tayari kabla ya siku hiyo.

Sasa siri. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa na miezi michache tu kikosini. Askari mmoja alinieleza kwamba mkewe ameondoka na watoto. Jumapili, katika maombi, nikasema tumkumbuke ndugu yetu mmoja ambaye nyumba yake iko katika majaribu. Sikutaja jina, niliona nimemtendea wema. Kikosi kidogo hakihitaji jina. Vichwa viwili vitatu viligeuka kuelekea benchi la nyuma, na mimi mwenyewe nikaona jinsi alivyoinamisha uso. Hakurudi kwangu tena. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa miezi mingi hakuna mwingine aliyekuja pia. Nilimfuata nikamwomba radhi, akasema yameisha, lakini yalikuwa hayajaisha.

Kwa hiyo ulichoambiwa kisiingie kwenye mahubiri wala kwenye mfano wa "askari mmoja". Kisiingie kwenye daftari pia. Kamanda atakuuliza hali ya kikosi, na ana haki ya kuuliza, maana kumshauri ni sehemu ya kazi yako. Mpe hali ya hewa, usimpe majina. Mwambie watu wamechoka, likizo zimeahirishwa mara nyingi mno, kuna uonevu katika zamu za usiku. Akikubana useme nani, mjibu kwa adabu: "Afande, nikikutajia huyu mmoja, kesho hutapata habari za yeyote." Makamanda wenye busara huelewa, na wengine huelewa baada ya muda.

Jambo moja ulitatue kabla askari wa kwanza hajafungua mdomo: sheria ya jeshi lako inasemaje kuhusu mtu anayekwambia anataka kujiua? Sheria hutofautiana. Katika jeshi la Marekani siri aliyopewa kapelani ni ya askari mwenyewe, na kapelani haitoi bila ridhaa yake. Kwingine kuna nafasi ya kutoa taarifa. Soma kanuni zenu, na umweleze askari mwanzoni unachoweza kutunza na usichoweza. Sheria yoyote iwayo, usimwache peke yake. Mwombe akukabidhi silaha au akuruhusu mmpelekee mwenzake aitunze, kisha mwende wote wawili kwa daktari. Nimewahi kutembea hivyo usiku, taratibu, na alinikubalia kwa sababu niliahidi kukaa naye mpaka aonwe. Nilikaa.

Utahudumia watu wasio wa imani yako, na hao watakuwa wengi. Kanuni ni nyepesi kuisema: ibada ya dini yako uifanye mwenyewe, na ya dini nyingine umtafutie mwenye nayo. Jifunze mapema nani anamwosha maiti, nani hataki mwili ucheleweshwe, nani amefunga na doria inaanza alasiri. Asiye na dini naye ni wako. Uholanzi kwa miaka mingi imekuwa na wahudumu wa kihumanisti, yaani washauri wasiofungamana na dini, jeshini kwa ajili ya watu kama hao, na hilo halikuwapunguzia makapelani wengine kitu. Meli ya Dorchester ilipopigwa torpedo karibu na Greenland tarehe 3 Februari 1943, ikiwa na watu zaidi ya 900, walikuwemo makapelani wanne wa Kimarekani: Mmethodisti, rabi, mchungaji wa kanisa la Reformed na padri Mkatoliki. Waligawa maboya, yalipokwisha wakavua ya kwao wakawapa askari waliokuwa karibu. Hawakuuliza dini. Wote wanne walikufa.

Utapeleka habari za kifo. Nenda na ofisa aliyeteuliwa, hakikisheni jina mara tatu, msitume ujumbe wala msipige simu. Mlangoni sema "amefariki". Usiseme "ametutoka kidogo", wala "Mungu amempenda zaidi". Niliwahi kumwona mama akiendelea kukunja shuka baada ya kusikia, akalinganisha pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine, akachukua lingine. Nilishika upande wa pili tukakunja pamoja. Siku hiyo sikuwa na kazi nyingine.

Na kama mkitekwa: Mkataba uleule wa Geneva, ibara ya 28, unasema kapelani si mfungwa wa vita, anaweza kubakizwa ili ahudumie wafungwa wanaomhitaji tu. Padri Emil Kapaun, kapelani wa jeshi la Marekani, alibaki na majeruhi huko Unsan, Korea, Novemba 1950, alipokuwa na nafasi ya kuondoka. Kambini aliiba chakula kwa ajili ya wagonjwa, akatengeneza sufuria kutokana na mabati ya paa ili wapate maji ya kuchemsha, akawafulia nguo waliokuwa wanaharisha. Alifia hukohuko Mei 1951.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari siku ya kwanza, dai vitu viwili stoo, na usikubali kuambiwa vitakuja baadaye: kadi yako ya utambulisho, na kitambaa chenye alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu, kisichopenya maji, kilichogongwa muhuri wa jeshi. Hufungwa mkono wa kushoto. Jizoeze kukifunga gizani.