Posho za Mwanajeshi wa Marekani: Ni Fedha za Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mume wangu ni askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, na kituo chake ni Fort Bliss, El Paso, katika jimbo la Texas. Mimi na mtoto wetu tungali Mombasa tukisubiri viza. Jirani ambaye ndugu yake yumo katika jeshi hilo ameniambia kwamba mume wangu hulipwa fedha za nyumba kila mwezi kwa ajili yetu, mbali na mshahara. Je, fedha hizo ni haki yangu? Zitaongezeka tukihamia huko au tukipata mtoto wa pili? Tena, twaweza kuzitegemea kuchukua mkopo wa kujenga nyumba Likoni?
Mke wa Askari, Mombasa

JIBU: Dada yangu, jirani yako hakukosea, ila alichokueleza ni nusu ya habari. Malipo ya mwanajeshi wa Marekani yana mafungu mawili yasiyofaa kuchanganywa. Fungu la kwanza ni mshahara wa msingi, unaopangwa kwa cheo na miaka ya utumishi, na ambao hukatwa kodi ya mapato. Fungu la pili ni posho, ambazo kila moja imewekewa hitaji lake. Za nyumba na chakula hazikatwi kodi. Ile ya nyumba, ambayo askari wenyewe huiita BAH, hupimwa kwa mambo matatu: cheo, mahali kilipo kituo cha kazi, na kama askari ana wategemezi au hana. Mahali panapotazamwa kwa mumeo ni El Paso wala si Mombasa, kwa kuwa kiwango hutokana na kodi za nyumba pamoja na gharama za umeme na maji za eneo la kituo, na hupangwa upya kila Januari. Hata hapo hakikusudiwi kulipia kila kitu: kwa wastani hufikia asilimia 95 ya gharama hizo, na kinachobaki hutoka mfukoni mwa askari.

Mtoto wa pili hataongeza hata senti moja. Viwango ni viwili tu, cha mwenye wategemezi na cha asiye nao, na mwenye mtoto mmoja hulipwa sawa na mwenye watano wa cheo chake kituoni hapo. Kuhamia kwenu vilevile hakutaongeza kitu, na mkipewa nyumba ya familia ndani ya kambi inayoendeshwa na kampuni, kwa kawaida posho yote huishia kwa kampuni hiyo kama kodi ya pango. Lililo muhimu zaidi sasa ni kumwuliza mumeo kama amekwisha kuwasilisha cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mkasajiliwa katika DEERS, yaani daftari la familia za wanajeshi.

Swali lako kuhusu haki ni zito, nami sitaki kulipita juujuu. Posho ni malipo ya askari na huingia katika akaunti yake. Mke hana uwezo wa kuiagiza ofisi ya malipo imtumie yeye moja kwa moja. Hata hivyo jeshi la nchi kavu halikumwacha askari afanye apendavyo. Kanuni yake namba 608-99 inamlazimu kuitunza familia yake, na pasipo makubaliano baina ya mume na mke wala amri ya mahakama, kima cha matunzo hupimwa kwa kiwango cha posho ya nyumba kisichofuata mji, ambacho aghalabu ni kidogo kuliko kile anacholipwa askari kituoni. Msimamizi wa kanuni hiyo ni kamanda wa kikosi chake, ingawa yapo mazingira ambayo kamanda anaweza kumwondolea askari wajibu huo. Matawi mengine ya jeshi yana taratibu zake. Ushauri wangu ni kwamba msianzie kwa kamanda, bali mwombe mumeo akuonyeshe hati yake ya malipo ya mwezi, iitwayo LES, ambayo huonyesha kila stahili na kila makato, kisha mwafikiane kwa maandishi kiasi cha kutumwa. Kuna posho utakazoziona humo ambazo si zenu, kama ile ya chakula, iliyokuwa dola 465.77 kwa mwezi mwaka 2025 kwa askari asiye ofisa. Hiyo ni ya chakula cha askari mwenyewe.

Kuhusu mkopo, nakusihi msifanye hivyo. Kiwango cha eneo kikishuka, askari aliyepo hulindwa asipunguziwe, lakini ulinzi huo hukoma akihamishwa kituo, akishushwa cheo, au hali ya wategemezi wake ikibadilika, na wanajeshi huhamishwa mara kwa mara. Akipelekwa ng'ambo na familia, posho hufuata utaratibu mwingine kabisa, wa kulipiwa pango halisi hadi kikomo fulani. Tena posho haihesabiwi katika pensheni: kwa walioingia jeshini tangu Januari 2018, anayestaafu baada ya miaka 20 hupata asilimia 40 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 iliyokuwa ya juu kabisa. Mkopo wa miaka mingi upimeni kwa mshahara wa msingi baada ya makato.

SWALI: Mwanangu, asiye na mke wala mtoto, yumo katika jeshi hilo na hunitumia fedha. Je, naweza kuandikwa kuwa mtegemezi wake?
Mzazi, Tanga

JIBU: Inawezekana, mzee wangu, lakini kwa masharti magumu. Ni lazima mwanao awe analipia zaidi ya nusu ya gharama zako za maisha, na mapato yako mwenyewe yawe chini ya nusu ya gharama hizo. Zawadi ya sikukuu haitoshi. Maombi hufanywa na askari na huhitaji ushahidi, kwa hiyo mwanao atunze risiti za kila fedha anayokutumia, nawe uweke za kodi, matibabu na chakula. Endapo baadaye ataoa na kuanza kulipwa kiwango cha mwenye wategemezi kwa ajili ya mkewe, kuandikwa kwako hakutamwongezea posho ya nyumba.