Simu za ndugu zinanikatiza usingizi wa zamu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi. Naingia kazini saa 2 usiku, natoka saa 2 asubuhi. Nikilala tu, simu inaanza: wifi anauliza dawa ya mtoto, binamu anataka nauli, jirani anapiga hodi nimpime presha. Juzi nusura nimpe mgonjwa dawa ya kitanda cha pili. Nikikataa nitaambiwa najidai. Nifanyeje?"
Muuguzi, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hilo la kitanda cha pili ndilo lililonishtua. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na wa mchana ni mwepesi, maana jua, joto na kelele vyote vinauvuta mwili uamke. Ukikatizwa mara tatu, unaamka na uchovu uleule hata kama saa zimetimia. Chagua saa zako, zisibadilike siku za zamu: tuseme saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Kahawa na chai ya rangi ziishie saa 8 usiku.

Simu usiizime kabisa, utalala na hofu kwamba mama anaumwa na hawakupati. Weka "Usinisumbue", uruhusu namba mbili tu: ya mumeo na ya anayekaa na mama. Angalia hapa, ndipo wengi wanapokwama: simu nyingi humpitisha mtu anayerudia kupiga baada ya muda mfupi (kwenye Android ni ndani ya dakika 15), na wifi yako sidhani kama anapiga mara moja akaacha. Ingia kwenye mipangilio, ruhusa hiyo uiondoe. Makundi ya WhatsApp yanyamazishe kwa saa 8, chaguo hilo limo.

Sasa watu wenyewe. Waambie siku ya mapumziko, ukiwa umetulia, kabla hujaamshwa na hasira kukupanda. Wifi mwambie hivi: "Wifi, siku za zamu nalala saa 4 hadi saa 11 jioni, simu haitalia. Nitakupigia saa 11 na nusu. Mtoto akizidiwa usinisubiri, mpeleke kituo cha afya." Ishia hapo. Ukianza kueleza unavyochoka, kila sababu itapata jibu: "dakika mbili tu, wifi." Mama mkwe usimtumie ujumbe, mumeo ampigie amweleze. Neno lilelile kutoka kwako litasikika kama kiburi cha mke.

Jirani ni kazi ya dada wa nyumbani. Mfundishe sentensi moja: "Mama amelala, ataamka saa 11." Asiseme hayupo, kwa sababu viatu vyako viko mlangoni na jirani ameviona. Presha unaweza kuwapima majirani Jumamosi jioni, wakijua ndiyo siku yao.

Binamu, mpangie kiasi mwanzoni mwa mwezi. Kikiisha, jibu ni "mwezi huu kimeisha", bila hesabu.

Jiandae kwa wiki mbili za kwanza. Simu zitaongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa watu wamezoea kwamba ukisukumwa unapokea. Wengi hushindwa hapa: wanakataa mara nne, ya tano wanapokea. Hiyo ya tano inamfundisha mpigaji kwamba dawa yako ni kupiga mara tano, na kesho ataanzia hapo. Ni afadhali uahidi saa chache unazoweza kuzilinda kuliko saa nyingi utakazozivunja mwenyewe.

Wifi akinuna, usimfuate na maelezo mapya. Mpigie saa 11 na nusu kama ulivyosema, umuulize mtoto ameamkaje, hata kama siku hiyo hakukutafuta.