Kuiunda upya meza ya 1954 ili kuifukuzia 526 ya Mosconi

Mtu akisema anataka kuvunja rekodi ya Willie Mosconi, bingwa wa Marekani wa mchezo wa pool uitwao straight pool, muulize kwanza: kwenye meza gani? Machi 1954, katika East High Billiard Club mjini Springfield, Ohio, Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo. Ilikuwa mechi ya maonyesho ya pointi 200. Akazifikisha, akaendelea tu. Walioshuhudia wakatia saini hati ya kiapo, na hati hiyo ndiyo iliyoifanya namba ile idumu. Michael Eufemia anatajwa kuingiza 625 huko Brooklyn mwaka 1960, lakini hakuna hati ya aina hiyo, kwa hiyo jina lake hubaki pembeni. John Schmidt akafika 626 mwaka 2019 huko California, na Jayson Shaw akafika 714 mwaka 2022. Sasa hapo ndipo ubishi unapoanza. Mosconi alicheza kwenye meza ya kampuni ya Brunswick ya futi 4 kwa 8, Schmidt kwenye meza ya futi 9. Wapo wanaosema meza ndogo ni mteremko, wapo wanaosema meza ndogo ni msongamano. Njia ya kuumaliza ubishi ni moja: unda meza ile, kisha cheza juu yake.

Kwa waliozoea kugombania namba 8 baa, straight pool ni mchezo mwingine. Kila mpira ni pointi moja, na kila pigo unataja mpira na shimo. Ukibaki mezani mpira mmoja pamoja na mweupe, 14 iliyokwisha kuingia hupangwa tena kwenye pembetatu bila ule wa mbele. Wewe unaingiza ule uliobaki, na mweupe papo hapo unakwenda kulivunja rundo. Kwa hiyo 526 ni pembetatu 37 kamili na mipira 8 juu yake. Kila kitu kwenye meza kinachobadilisha namna rundo linavyofunguka kinaibadilisha rekodi yenyewe.

Anza na kipimo cha uwanja, maana "futi 8" ni jina zaidi ya kipimo. Sehemu ya kuchezea hupimwa kutoka pua ya raba ya ukingo, yaani ncha inayogusa mpira, hadi pua ya raba ya upande wa pili. Futi 8 ya kawaida ni inchi 88 kwa 44. Ipo nyingine, ile kubwa, yenye inchi 92 kwa 46, na wauzaji huziita zote futi 8. Njia ya haraka ya kuzitofautisha ni alama za juu ya kingo: kwenye 88 alama zimeachana inchi 11, kwenye 92 zimeachana inchi 11½, na kwenye futi 9 ni inchi 12½. Nenda na futikamba, usiende na maneno ya muuzaji. Meza za sarafu zilizojaa kwenye baa zetu ni futi 7, na hazifai hata kwa kuanzia, kwani fremu yake haipanuki.

Ukibahatika kupata fremu ya zamani ya Brunswick ya miaka ya 1940 au 1950, kagua mambo matatu kabla ya kutoa hela. La kwanza ni jiwe la uso wa meza, lililo chini ya kitambaa: liwe vipande vitatu vya seti moja, unene usiopungua inchi 1, na mbao zilizogundishwa chini yake ziwe nzima, kwa sababu kitambaa hushikiliwa na mbao hizo. Kipande kimoja kikiwa cha meza nyingine, mashimo ya skrubu hayatalingana na unene unaweza kupishana; utabaki unasugua jiwe kwa wiki nzima. La pili ni mbao za kingo, hasa pale bolti zinapoingia. Mbao ikiwa imechoka, bolti haikazi, na ukingo usiokaza hutoa mlio wa debe na kuurudisha mpira umekufa. La tatu ni vyuma na ngozi za mashimo. Raba usiihesabu kabisa. Raba ya miaka 70 imekuwa ngumu kama gamba la mti, itang'olewa tu.

Raba mpya ndiyo inayowaangusha wengi. Zipo za maumbo tofauti, K-55 na K-66 zikiwa ndizo zinazotajwa zaidi, na kila umbo linataka mbao ya nyuma iliyorandwa kwa pembe yake. Ukibandika K-66 kwenye mbao iliyokatwa kwa ajili ya K-55, pua inakaa kimo kisicho chake. Kanuni ya kimo ni asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, ikiruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 1. Kwa mpira wa milimita 57.15 hiyo ni kama milimita 36.3. Pua ikiwa chini mno, mpira uliopigwa kwa nguvu unaruka. Ikiwa juu mno, raba inaubana mpira chini na kuunyonya mwendo.

Kubandika kwenyewe si kugumu ukiwa na subira. Kwangua gundi ya zamani yote kwa patasi, piga msasa hadi mbao ionekane. Paka gundi ya fundi viatu pande zote mbili, acha ikauke hadi isishike kidole, ndipo ulaze raba. Usiivute! Raba iliyovutwa wakati wa kubandikwa hujirudi polepole, na baada ya miezi michache ncha zake zinaachia karibu na mashimo, mahali ambapo unazihitaji zaidi. Acha ziada ya inchi moja kila ncha, utaikata baadaye kwa pembe ya shimo.

Na mashimo sasa. Karibu kila anayezungumzia meza ya Springfield hutaja upana wa mdomo wa shimo, na mara nyingi utasikia inchi 5¼. Kanuni za leo za kimataifa zinataka shimo la kona liwe inchi 4½ hadi 4⅝, kwa hiyo tofauti inaonekana ni ya kufa mtu. Lakini mdomo peke yake haukuambii shimo linapokea vipi. Shimo lina mambo manne: mdomo, pembe ya mashavu (ncha za kingo zilizo pande mbili za shimo), mteremko wa mashavu, na kibaraza, yaani kile kipande cha jiwe kilicho kati ya mdomo na mahali mpira unapodondokea.

Chukua pembe. Shavu la kona likikatwa kwa nyuzi 135 kutoka kwenye ukingo, mashavu mawili yanakuwa sambamba, na mpira uliopita mdomo hauna pa kwenda ila ndani. Kanuni ya leo ni nyuzi 142, ambapo mashavu yamefunguka kama faneli. Mpira ukigusa shavu moja unatupwa kwenye la pili, kisha unarudi nje. Shimo pana lenye faneli kubwa linaweza kukutemea mpira ambao shimo jembamba lenye mashavu sambamba lingeumeza. Mteremko nao, wa nyuzi 12 hadi 15 kuelekea chini, ndio unaousukuma mpira udondoke badala ya kuruka. Kibaraza cha kona kinaruhusiwa kuanzia inchi 1 hadi 2¼. Kikiwa kirefu, mpira unaotetemeka kati ya mashavu unapata muda wa kutoka.

Kosa la kawaida ni hili: fundi anataka kupanua mdomo, anakata ncha za raba nyuma kidogo na kuziacha mbao zilivyo. Mdomo umepanuka kweli, lakini kibaraza kimefupika na pembe imehama. Atakayepima mdomo tu atasema meza ni sawa. Fanya kinyume: chonga kwanza kiolezo cha shimo zima kwa plaiwudi ya milimita 6, kiwe na mdomo, pembe na ukomo wa jiwe, ukilaze kwenye kona, kisha ukate mbao na raba pamoja kukifuata. Mkato wa mteremko upige kwa msumeno wa meno madogo ulioinamishwa, umalizie kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao bapa. Mkono mtupu huliviringa shavu, na shavu la mviringo halina tabia moja. Kiolezo kimoja kwa kona nne, na kingine kwa mashimo mawili ya kati. Ukiwa na ukingo hata mmoja wa asili usioguswa, kiolezo chako kitoke hapo, si kwenye namba za mtandaoni.

Kulisawazisha jiwe ni kazi ya siku nzima. Pimamaji ya fundi seremala haitoshi; tafuta ya fundi mitambo inayosoma hadi milimita 0.04 kwa mita. Sawazisha fremu kwanza, kisha jiwe la katikati, kisha mawili ya pembeni, ukiweka kabari nyembamba juu ya boriti. Kanuni inavumilia tofauti ya kama milimita 0.5 kwa urefu na 0.25 kwa upana. Viungo huzibwa kwa nta ya nyuki, lakini nta hulainika kwenye joto. Chumba kikiwa cha bati, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, tumia jaza ngumu inayosagika. Unyevu wa pwani pia huifanya meza kuwa nzito, hivyo usilinganishe mwendo wake na wa meza ya chumba chenye kiyoyozi.

Kitambaa na mipira ndivyo vitakavyokuumbua ukiwa si mkweli. Vitambaa vya leo kama Simonis 860 ni hasa vya sufu iliyosokotwa, laini, visivyo na manyoya. Juu yake mweupe hufika mbali kwa pigo dogo na rundo hufunguka kwa urahisi. Kitambaa chenye manyoya kina mwelekeo: mpira unaokwenda taratibu hupinda kuyafuata, na rundo linataka nguvu zaidi, na nguvu ndiyo inayokosesha. Mipira ya kisasa nayo ni safi na inafanana uzito. Msimamo wetu ni kwamba mwenye meza ya umbo la 1954 na kitambaa cha leo ana haki ya kusema amecheza kwenye vipimo vya Springfield. Asiseme amecheza katika hali za Springfield. Ukiamua kuweka manyoya, yalaze kwa brashi yakielekea upande wa rundo, na upige brashi kabla ya jaribio.

Kabla ya kuita mashahidi, weka mpira kwenye alama ya kichwa (upande wa kuanzia), uupige kwa nguvu kupitia kati ya alama ya mguu (panapopangwa rundo): usafiri urefu wa meza mara 4 hadi 4½ bila kuruka. Kisha uviringishe taratibu sambamba na kila ukingo, kwenda na kurudi. Chora ukingo wa nje wa pembetatu kwa penseli juu ya kitambaa, maana mwamuzi lazima aone kama mpira uko ndani au nje ya mstari. Usiigonge mipira ikae. Kila kugonga kunachimba kishimo, na pembetatu 38 zitakuachia vishimo vinavyouvuta mpira. Shahidi mmoja apime mashimo yote sita na kuandika, mwingine ahesabu kwa pembetatu. Kamera ione meza nzima bila kukatwa. Ukianza na pembetatu mpya, mpira wa tisa wa pembetatu ya 38 ndio 527.