Maswali na Majibu: Meno ya Wanafunzi na Bajeti Finyu

Fedha zetu zinatosha gari la kliniki ya meno au vifaa vya kinga. Tuchague lipi?

Vifaa vya kinga, bila kusita. Gari huzinduliwa kwa shangwe, kisha likakosa mafuta na vipuri, ilhali watoto wanaoweza kupiga mswaki shuleni kila siku, mwalimu akiwasimamia, wanahitaji tu mswaki na dawa yenye floridi ya kiwango cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Hata sinki si lazima, kwa kuwa wanapaswa kutema povu bila kusukutua. Zaidi ya hapo, yalindeni magego ya kwanza ya kudumu, ambayo huota karibu na umri wa miaka 6 nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kuyapisha. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni ya utotoni na kuyaacha yaoze.

Tukague meno mara ngapi kwa mwaka?

Swali hili hurudi kila mara, na muulizaji hasemi kamwe mtoto atakayekutwa na jino bovu atapelekwa wapi. Pangeni kwanza matibabu, ndipo mpange ukaguzi.

Shule haina umeme. Je, jino linaweza kuzibwa?

Linaweza. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu likajazwa saruji ya meno iitwayo ayonoma ya glasi, mara nyingi bila ganzi. Mbinu hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na saruji hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na dawa ya floridi yenye madini ya fedha, ambayo hupakwa tu ili kusimamisha uozo. Dawa hiyo huacha weusi wa kudumu penye uozo. Mzazi aelezwe na aridhie kabla mtoto hajaguswa.

Meno ya utotoni si yatang'oka tu?

Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12, na maumivu hayasubiri.

Hatuna daktari wa meno. Walimu wafanye kazi hiyo?

Wasimamie upigaji mswaki, basi; kung'oa na kuziba ni kazi ya waliofunzwa, ambao si lazima wawe madaktari, kwani New Zealand ilianza mwaka 1921 kuwafunza wauguzi wa meno kwa ajili ya wanafunzi. Jambo lililo ndani ya uwezo wa walimu, na ambalo hakuna aliyeniuliza, ni kuacha kuuza soda na peremende shuleni.