Maswali ya Wasomaji: Barua Rasmi Katika Mtihani wa IELTS

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, ile ya General Training, kwa ajili ya maombi ya kuhamia Kanada. Uandishi nimepata 5.5, nami nahitaji 6.0. Barua yangu ilikuwa na anwani mbili, tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari, kama tulivyofundishwa sekondari. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba. Huenda anwani hizo ndizo zilizokula muda wako. Swali lenyewe husema huhitaji kuandika anwani yoyote. Sanduku la posta na ile "RE:" ya herufi kubwa haviongezi alama hata moja. Mtahini hupima mambo manne, yote kwa uzito sawa: umelijibu swali kwa kiasi gani, mawazo yamepangwa na kuunganishwa vipi, msamiati, na sarufi. Ramani ya barua tuliyoikariri shuleni haimo.

Chukua swali la aina hii: umenunua cherehani, haifanyi kazi, mwandikie meneja wa duka. Chini yake huwa na nukta tatu: eleza ulivyoinunua, eleza tatizo, sema unataka duka lifanye nini. Sentensi yako ya kwanza iseme wazi kwa nini umeandika: "I am writing to complain about a sewing machine which I bought from your shop on 3 March." Hapo lengo limejulikana, na nukta ya kwanza umeshaigusa.

Kinachowaangusha wengi ni nukta ya tatu. Mtu hulalamika aya mbili nzima, halafu dakika zikibaki mbili anatupia "please help me" na kufunga. Kila nukta ipe aya yake, maneno 40 hadi 50. Kiwango cha chini ni maneno 150. Lenga 170 au 180 ili usihesabu kwa wasiwasi. Kati ya dakika 20 za barua, tatu ni za kupanga, 14 za kuandika, tatu za kukagua. Usivuke hapo, kwa sababu insha inayofuata, ya maneno 250, ina uzito mara mbili ya barua.

Na usiogope kubuni. "The machine has a problem" haimwambii meneja kitu. "The thread breaks after every few stitches, even on light cotton" inamwambia, tena inakupa nafasi ya kuonyesha msamiati. Hakuna atakayekuja kukagua kama cherehani ipo.

Hujambo Mwalimu? Mimi huandika kwa heshima kubwa: "I humbly beg", "kindly", "I hope this letter finds you well together with your family". Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo inaniharibia. Kweli heshima inaweza kupunguza alama?
*Msomaji, Nakuru*

Sijambo. Heshima haipunguzi alama, ila yako umeiweka mahali pasipo pake. Sisi adabu tunaitanguliza: salamu, hali ya nyumbani, ndipo shida. Barua rasmi ya Kiingereza huificha adabu ndani ya kitenzi, katika "would" na "could". Meneja asiyekujua hakutarajia umuulizie watoto.

"Naomba nirudishiwe pesa zangu" ni sentensi ya kawaida kabisa kwetu, haina unyonge wala ukali. Ukiibeba neno kwa neno inakuwa "I beg to be refunded my money", na sasa unapiga magoti. Wengine wanakimbilia upande wa pili, "You must refund me", wakawa wamegombana na duka. Andika: "I would be grateful if you could refund the full amount by the end of this month." Ukitaka kukaza, kaza kwenye tarehe, kitenzi kiache kilivyo.

Jambo la pili ni sauti kuyumba. Barua inaanza na "I am writing to express my dissatisfaction", katikati inakuja "I'm really fed up!!!" Bendi 6, yaani alama 6, huvumilia kuyumba kidogo, bendi 7 inataka sauti moja tangu juu hadi chini. Kwenye barua rasmi acha vifupisho kama "I'm" na "don't", na alama za mshangao ziache kabisa.

Majina nayo yana mtego. Kwetu "Bwana Juma" ni sawa, cheo na jina la kwanza. Kwa Kiingereza "Dear Mr Peter" ni kosa kama Peter ni jina la kwanza; "Mr" hufuatwa na jina la ukoo. Ukiandika jina, funga na "Yours sincerely". Swali likikuanzishia "Dear Sir or Madam", funga na "Yours faithfully".

Sarufi yangu si mbaya lakini alama hazipandi. Nikague nini katika hizo dakika tatu za mwisho?
*Msomaji, Mombasa*

Kagua mahali Kiswahili kinapochungulia. Kwanza, "-me-". Tunasema "nimenunua tarehe tatu Machi" bila shida, kisha tunaandika "I have bought it on 3 March". Penye tarehe au "yesterday", kitenzi ni "bought". Pili, "a-" yetu haina mume wala mke, kwa hiyo muuzaji aliyekuwa "she" aya ya kwanza hugeuka "he" aya ya pili. Tatu, "equipments", "informations", "furnitures" na "advices": zote ziondolee "s". Nne, "I am requesting for a refund". Kitenzi "request" hakitaki "for". Ni "I am requesting a refund". Hili la mwisho limezoeleka sana katika barua za ofisi zetu, ndiyo maana jicho halilioni.

Naenda kusoma shahada ya uzamili Uingereza. Nami nijifunze barua hizi?
*Msomaji, Zanzibar*

Chuo kikitaka IELTS ya Academic, hapana. Huko swali la kwanza ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro. Barua ziko General Training pekee.

Nimekariri barua kumi za mfano. Zinatosha?
*Msomaji, Kampala*

Kariri vipande: sentensi ya kufungua malalamiko, ya kuomba nafasi, ya kuomba radhi, na "I look forward to hearing from you" ya kufungia. Barua nzima usikariri. Nukta tatu za swali hazitalingana na za barua yako, na watahini wamefunzwa kutambua maandishi ya kukariri. Aya ikiwa laini kama hariri na inayofuata imejaa makosa, mshono unaonekana. Zichukue hizo barua kumi, funika aya za katikati, uziandike upya kwa nukta ulizobadilisha mwenyewe, saa ikiwa mezani.